Nywila kuu anashika nani?

Hongereni vijana wa Mtwara mliotajwa kwenye habari niliyoisoma, mnaotaka kuunda ushirika wa waandaa programu na kuendesha seva zenu wenyewe, yaani kompyuta zinazohudumia watumiaji mtandaoni. Linawezekana. Mastodon, programu ya mtandao wa kijamii unayoweza kuiendesha kwenye seva yako, ipo tangu 2016, na itifaki (kanuni za mawasiliano) ya ActivityPub, iliyopitishwa mwaka 2018 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, inaziwezesha seva za watu mbalimbali kuwasiliana bila bosi mmoja juu yao.

Ila mwandishi wa habari hiyo karuka la msingi: nywila kuu ya seva anashika nani? Sisi wakulima wa korosho AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya mazao, tunazijua. Mkutano mkuu unapiga kura vizuri kabisa, kumbe ufunguo wa ghala uko mfukoni mwa mtu mmoja. Huyo akihamia Dar bila kukabidhi, na jina la kikoa (anwani yenu ya mtandaoni) linalipiwa kwa kadi yake, mmekwisha. Mastodon inakuruhusu kuhama na wafuasi wako kwenda seva nyingine, lakini ulichoandika huko nyuma hakihami. Basi wekeni nakala rudufu nje ya jengo. Umeme wetu mnaujua.

Kiingilio ni shilingi ngapi, na diski ikifa nani ananunua?