Anayependa Mpira Sana Asisome Kozi Hii

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita. Wiki jana alinipigia: "Shikamoo mjomba. Nimepata kozi ya kusoma huko Marekani, inaitwa athletic training. Si unajua ninavyopenda mpira?" Nikamwambia palepale kwamba kupenda mpira ndiyo sababu mbaya kuliko zote.

Jina ndilo linalopotosha. Ukisikia "trainer" unamwona kocha na filimbi yake, au kijana wa gym anayekuhesabia pushapu. Sivyo. Hii ni kazi ya afya, ya kuwahudumia wanamichezo wanaoumia au kuzidiwa, na Chama cha Madaktari cha Marekani kiliitambua hivyo mwaka 1990.

Shule ya mwanangu hapa Marekani ina mtaalamu mmoja wa namna hiyo. Mwezi Agosti, jua likiwaka na mazoezi yakianza, huweka beseni kubwa la maji na barafu kando ya uwanja. Nilidhani ni la kupozea soda. Nusura niombe moja. Kumbe mchezaji akizidiwa, joto la mwili likapita nyuzi 40, anazamishwa humo kwanza, ambulensi baadaye. Na joto lenyewe hupimwa kwa kipimajoto kinachoingizwa njia ya haja kubwa, maana cha kwapani kinadanganya. Mpwa wangu alicheka, kisha akanyamaza.

Msimu mzima beseni lile halikutumika. Kila siku lilijazwa tu.

Dunia iliiona kazi hii tarehe 2 Januari 2023, Damar Hamlin, mchezaji wa Buffalo Bills, timu ya futiboli ya Kimarekani, alipoanguka uwanjani Cincinnati, moyo ukasimama. Aliyemsukuma kifua alikuwa Denny Kellington, mmoja wa wataalamu hao. Siku nyingine kazi ni kufunga vifundo vya miguu kwa tepu, kujaza mafaili, na kumwambia kocha "huyu hachezi" wakati timu imefungwa na wazazi wanapiga kelele jukwaani.

Kwa ajili ya sentensi hiyo moja, "huyu hachezi", inayotaka mtu mwenye elimu ya kumkatalia kocha, naunga mkono uamuzi wa kuipandisha kozi hadi shahada ya uzamili. Zamani digrii ya kwanza ilitosha. Baada ya 2022 vyuo havipokei tena wanafunzi wapya wa ngazi hiyo. Mpwa wangu itabidi aanze na kitu kama sayansi ya mazoezi, halafu uzamili, halafu mtihani wa bodi, na karibu kila jimbo lina leseni yake. Ninacholalamikia ni deni: mshahara wa shule ya sekondari hauendani na miaka yote hiyo ya ada. Tena akirudi Dar, cheti hicho hakimfanyi kuwa mfiziotherapia. Hilo alijue kabla ya kupanda ndege.

"Sasa mjomba," akaniuliza mwishoni, "huyo mtu mpira anautazama saa ngapi?"

Usiku, nikamwambia. Kwenye marudio.