Ringi Nzima, Habu Hakuna

Kinachoniudhi si bei, ni kukosa kabisa habu, kile kitovu cha gurudumu kinachoshika spoki. Una ringi mbili za baiskeli ya zamani ya Kiingereza, saizi 28, chuma kizito ambacho hakijaliwa na kutu hata kwenye maungio. Ya mbele ina matundu 32 ya spoki, ya nyuma 40. Ndivyo Waingereza walivyozitoboa miaka mingi. Sasa nenda dukani uulize habu ya matundu 40. Muuzaji anakuletea ya 36, eti "itaingia tu hiyo". Itaingiaje? Matundu manne yabaki wazi, spoki zivute upande huu kuliko ule? Gurudumu litayumba hadi fundi achoke kulinyoosha.

Spoki nazo zinauzwa kwa kukadiria urefu kwa macho. Ikizidi milimita chache, ncha inatokeza ndani ya ringi na kutoboa tyubu. Ikipungua, uzi wa skrubu kwenye ncha yake haushiki vizuri kwenye kikofia, ile nati ndogo inayoibana kwenye ringi.

Halafu wanakushauri ukauze ringi kwa wanunuzi wa chuma chakavu! Chuma cha namna hii kipimwe kwa kilo? Jamani wenye maduka, agizeni hata katoni moja ya habu za 40. Wateja tupo.