Ng'ombe akirudia joto, fahali naye aulizwe

Ng'ombe akirudia joto, yaani akitaka tena kupandwa, siku ya 21 baada ya kuhimilishwa (kuwekewa mbegu za fahali kwa mrija), wa kwanza kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Anayefuata ni mhimilishaji: kachelewa kufika, au kayeyusha mbegu vibaya. Fahali hatajwi. Yuko mbali kwenye kituo cha kukusanyia mbegu, ana rekodi nzuri ya maziwa ya binti zake, na mbegu zake zilipowekwa chini ya hadubini zilionekana zikiogelea vizuri. Kwangu mimi fahali huyu anasamehewa haraka mno, na utafiti wa epijenetiki ya mbegu, yaani alama zinazoongoza kazi ya jeni bila kuzibadilisha jeni zenyewe, unaonyesha sababu.

Katika ukaguzi huo hadubini inajibu hasa swali moja: mbegu inatembea? Tone linatoka kwenye mrija mdogo uliokuwa ndani ya naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, linawekwa kwenye kioo, na mtaalamu anakadiria zilizo hai. Lakini kwa ng'ombe wenye afya, kati ya mayai 100 takriban 90 hurutubishwa, na ndama wanaozaliwa ni kama 55. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea kati ya siku ya 8 na ya 16. Kiinitete, yaani mimba changa kabisa, hufa kabla mwili wa ng'ombe haujatambua mimba, joto linarudi kwa ratiba yake ya kawaida, na mfugaji anaandika daftarini kwamba "hakushika". Kumbe huenda alishika. Si kila kiinitete kinachokufa ni kosa la baba, kwani yai na tumbo la uzazi navyo vina sehemu yao. Ila wataalamu wa uzazi wanajua tangu zamani kwamba kuna kasoro za mbegu zinazofidiwa kwa kuongeza idadi yake, na nyingine ambazo hata ukiongeza mamilioni hazifidiki, kwa sababu mbegu inafika, inaingia, na tatizo linaanzia hapo.

Hapo ndipo epijenetiki inapoingia. Mbegu haibebi jeni peke yake. Inabeba pia alama za kikemikali ziitwazo methili, namna DNA ilivyofungashwa, na vipande vidogo vya RNA. Mwaka 2022 watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya fahali 120 wa aina ya Montbéliarde wenye rekodi nyingi za uhimilishaji. Walipata sehemu 490 ambako methili za fahali wenye rutuba zilitofautiana na za wale wenye rutuba ndogo, na kwa alama hizo waliweza kutabiri kundi la fahali kwa usahihi wa takriban asilimia 72.

Wanaopinga kipimo hiki wana hoja za kweli. Asilimia 72 ina maana zaidi ya fahali mmoja kati ya wanne anahukumiwa kimakosa. Hiyo ni aina moja ya ng'ombe, katika nchi moja. Chembechembe nyeupe za damu zikichanganyika kwenye manii, hata chache, huvuruga kipimo. Na baada ya urutubishaji yai hufuta sehemu kubwa ya methili za baba, kwa hiyo tofauti inayoonekana huenda ni dalili tu ya korodani yenye shida. Zaidi ya yote, kwa mfugaji mdogo, kuliona joto kwa wakati na kulisha vizuri kuna faida ya haraka kuliko kipimo chochote cha maabara.

Yote hayo nayakubali. Ninachoona kimekosewa ni swali lenyewe. Tunauliza kama kipimo kinaweza kumhukumu fahali, wakati methili zinaeleza hali yake ya kipindi fulani. Mbegu ya fahali hutengenezwa kwa siku kama 61, kisha huchukua zaidi ya wiki nyingine kukomaa. Korodani zinatakiwa ziwe na ubaridi wa nyuzi kati ya 2 na 6 chini ya mwili. Fahali akipata homa au joto kali leo, mbegu mbovu zitaanza kuonekana wiki mbili tatu baadaye, na itachukua karibu miezi miwili kusafika. Umri nao una neno: kwa fahali wachanga wa aina ya Holstein, methili zimeonekana zikibadilika kati ya mwezi wa 10 na wa 16, umri uleule ambao siku hizi fahali aliyechaguliwa kwa jeni huanza kukamuliwa mbegu. Jeni zake hazijabadilika hata moja. Mbegu za mwezi wa 10 na za mwezi wa 16 si kitu kimoja.

Halafu tunazigandisha. Mrija unahifadhi hali ya fahali ya wiki zile, pengine kwa miaka, na unamfikia mfugaji ukiwa na jina lilelile zuri.

Kwa hiyo kinachostahili kupimwa kwanza ni toleo la mbegu, yaani mbegu za fahali zilizokusanywa kipindi kimoja. Na tusisubiri maabara: tarehe ya ukusanyaji huchapishwa kwenye mrija, pamoja na namba ya fahali. Wahimilishaji wengi huandika namba, wakatupa mrija. Wakiandika na tarehe hiyo, kisha kituo kikakusanya madaftari ya wilaya nzima, itaonekana kama ng'ombe wanaorudia joto siku ya 21 wametawanyika kila mahali, au wamerundikana kwenye wiki tatu za fahali mmoja.