Vya nyumbani na vya dukani: tutazame maji na mizani

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipopendekeza ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, mjadala wa siku nyingi ulirudi barazani na majikoni mwa Lamu: kwa nini tununue tunachoweza kutengeneza wenyewe? Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa, kisha mswada wote ukatupwa mwezi Juni baada ya maandamano. Swali lenyewe halikuondoka. Hapa kisiwani lina uzito wake, kwa sababu karibu kila cha dukani kimekuja kwa lori hadi Mokowe upande wa bara, kikapakiwa chomboni, kikapakuliwa gatini, kisha kikabebwa na punda au mkokoteni hadi mtaani. Kila mkono uliokishika unalipwa na mnunuzi wa mwisho.

Wanaotetea vya nyumbani wana hoja nzito. Mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe unajua hayakuchanganywa na kitu. Na krimu za kung'arisha ngozi zimewapa sababu ya kuogopa maduka: Mkataba wa Minamata wa 2013 ulilenga kuondoa vipodozi vyenye zebaki, Kenya nayo ikapiga marufuku krimu za aina hiyo, lakini bado zinapenya sokoni. Upande wa pili wako wauguzi na wauza dawa wanaopokea walioungua kwa sabuni, waliovimba kwa piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia ngozi, na watoto waliokunywa kisichonyweka. Pande zote mbili zinasema kweli. Tatizo ni kwamba zinatia mambo mengi katika kapu moja, mahamri na kostiki (kemikali kali ya kutengenezea sabuni) pamoja, eti kwa kuwa vyote vimetoka nyumbani.

Tazama bibi zetu waliweka nini kabatini. Mafuta ya nazi, mafuta ya uto, hina ya unga, vipande vya liwa, dalia, udi, ubani. Jikoni palikuwa na samaki wa ng'onda, achari ya maembe, halwa. Katika vyote hivyo hakuna maji ambayo kijidudu anaweza kuyatumia. Ama kitu ni kikavu, ama ni mafuta matupu, ama kimezidiwa na chumvi, ndimu au sukari. Bakteria na ukungu haviwezi kuota pasipo maji. Liwa ilisagwa juu ya jiwe kwa marashi ya waridi ilipohitajika, ikapakwa, ikaisha siku hiyo. Hina iliyokandwa haikuwekwa hadi mwezi ujao. Sioni hapa mapambo tu. Naona elimu ya kuhifadhi iliyokuwa imara kabla ya friji kufika.

Sasa linganisha na maelekezo yanayozunguka kwenye simu leo. Chukua utomvu wa shubiri, ongeza maji ya waridi, piga pamoja na mafuta ya nazi mpaka iwe krimu nyeupe, tia kwenye kopo, tumia miezi mitatu. Kwa joto la Lamu, kopo hilo linaweza kuharibika ndani ya siku chache, na mara nyingi bila harufu wala rangi ya kukuonya. Kiwanda nacho hutia maji kwenye krimu, lakini hutia pia kihifadhi kinachozuia vijidudu. Anayekimbia kemikali nyumbani ameondoa kihifadhi akabakisha maji. Kwa ngozi nzima huenda asione lolote. Kwa jicho, kwa kidonda, kwa ngozi ya mtoto mchanga, ni hatari. Ukitaka shubiri, kata jani, paka, tupa linalobaki. Ukitaka kitu cha kukaa kabatini, kaa kwenye mafuta na unga kama walivyofanya wao.

Hata hivyo, si kila cha asili ni salama kwa kila mtu. Hina halisi inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, hali ya kurithi ambayo ni ya kawaida katika maeneo yaliyoishi na malaria kama pwani yetu. Kwa hiyo kumpaka hina mtoto mchanga ni jambo la kuachwa kabisa. Na piko nyeusi inayokolea upesi mkononi mwa bi harusi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kemikali hiyo kwenye rangi za nywele tu, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hauruhusu ipakwe ngozini. Aliyekwisha kudhurika nayo huweza kubaki na mzio wa maisha, akavimba kichwa kizima siku anapopaka nywele rangi miaka mingi baadaye. Mkono unaopambwa kwa siku tatu za furaha unastahili hina ya kawaida, ambayo inahitaji subira ya saa chache tu.

Nije kwenye sabuni, ambako nadhani Lamu ina bahati isiyotumika vizuri. Maji ya visima vingi mjini yana chumvi, na sabuni nyingi hukataa kutoa povu humo. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Ndiyo sababu mabaharia wa zamani waliithamini. Nazi tunazo, kutoka mashamba ya Hindi, Witu na Mpeketoni. Kwa hivyo anayesema sabuni ya nyumbani ni upuuzi hajaufikiria mji huu.

Lakini sabuni haipimwi kwa kikombe wala kwa jicho. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki ili yote igeuke sabuni. Kilo moja ya mafuta ya alizeti huhitaji kama gramu 135 tu. Sasa mtu anapata kipimo cha nazi kwa rafiki, anakuta nazi zimepanda bei, anatumia alizeti kwa kipimo kilekile. Karibu gramu 50 za kostiki zinabaki ndani ya kipande, hazina mafuta ya kushikana nayo, na zitashikana na ngozi ya mwanawe. Sufuria zetu nyingi nazo ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa joto kali na gesi inayoweza kuwaka. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu au plastiki nene, kostiki itiwe ndani ya maji na si maji juu ya kostiki, macho yakingwe, na sabuni iachwe wiki nne hadi sita kabla ya kuogewa. Asiye na mizani ya gramu asianze.

Sabuni ya maji inayotengenezwa kwa kemikali ya ungarol ni nyepesi zaidi kutengeneza. Ubaya wake mkubwa uko kwenye chupa: inatiwa katika chupa zilezile za soda na maji ya kunywa, ina rangi ya kuvutia, na inawekwa sakafuni karibu na mtoto. Na anayetafuta dawa kali zaidi ya choo asichanganye Jik na siki. Gesi ya klorini inayotoka hapo huumiza mapafu.

Kwa chakula, sina ugomvi na mkate, mahamri, achari au juisi ya ukwaju. Vikiharibika, mara nyingi pua na ulimi hukuonya. Karanga na mahindi ni jambo jingine. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, liliposimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu ya aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu, wengi walisema dawa ni kusaga wenyewe. Sumu hiyo lakini inaingia kwenye punje kabla ya kusagwa, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 125 walikufa kati ya wagonjwa 317, na mahindi yaliyohusishwa na mkasa ule kwa sehemu kubwa yalikuwa ya watu wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kusaga nyumbani kunasaidia tu ikiwa umechambua, ukatupa zilizonyauka na zenye ukungu, na ukaziweka pakavu. Kwa unyevu wa kisiwa hiki, hiyo ni kazi ya kila wiki.

Kazi hiyo ni ya nani? Hesabu ya unafuu huwa inaruka hapa. Lita ya mafuta ya nazi inataka nazi kumi na zaidi, zivunjwe, zikunwe, tui likamuliwe, lilale usiku, kisha lipikwe kwa moto mdogo mpaka mashapo yakauke. Saa hizo ni za mama na binti, na hakuna anayeziandika. Mashine za kukunia nazi zimepunguza mzigo, ila binti aliyerudi kutoka skuli bado ndiye anayeitwa. Nyumba inayotaka kuacha ya dukani ikubaliane kwanza kaka na baba watafanya kipi. Kuna familia ambazo, saa zikihesabiwa, kununua mafuta na kumpa binti jioni yake ni nafuu kuliko kupika.

Na kinachouzwa kwa jirani kimeshaacha kuwa cha nyumbani. Sheria inataka bidhaa ya kuuzwa iwe na alama ya ubora ya KEBS, na najua njia hiyo ni ndefu kwa kikundi kidogo cha akina mama. Wakati wanaifuata, mnunuzi ana haki ya kuandikiwa kwenye kopo mafuta yaliyotumika, tarehe ya kutengenezwa na siku ya kutupa, kwa Kiswahili, na apewe chombo ambacho hakikuwahi kuwa cha soda.