Uvivu wa mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga mwenyewe

Mwaka jana mpwa wangu alikwenda kuomba kibarua cha kuchanganya zege kwenye jengo moja mjini hapa. Msimamizi, mgeni kutoka bara, alimuuliza swali moja tu: "Wewe wa wapi?" Kijana akajibu wa hapahapa, Makorora. Yule bwana akacheka, akawageukia wenzake: "Watu wa Tanga nawajua. Saa nne tu keshaanza kutafuta kivuli." Kibarua kikaenda kwa mwingine. Jioni mpwa wangu alitusimulia kisa hicho huku akicheka, mimi ndiye niliyekasirika.

Hasira hiyo nimekaa nayo muda mrefu, na kabla sijaitoa niwatendee haki wanaosema kwamba ule ni utani tu. Wana hoja. Nchi hii imeshonwa kwa utani. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana tangu enzi za misafara, Mpare na Mchaga wanatupiana vijembe mpaka kesho, na mtani akiingia msibani anaweza kuigiza sauti ya marehemu na wafiwa wakacheka. Mtoto anayekua akisikia kabila lake likidhihakiwa mchana, kisha jioni akala sinia moja na aliyelidhihaki, anajifunza jambo ambalo darasani halifundishiki. Anayetaka kila mzaha wa namna hiyo ufutwe hajui anakata kamba gani.

Tena sisi wenyewe hatukukaa kimya. Sifa za upole, mahaba, mapishi na lugha laini tumezipokea kwa mikono miwili. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipoitangaza Tanga kwa taarabu, sijamsikia mzee hata mmoja akilalamika kwamba tunasingiziwa kujua kupenda. Na ule msemo wetu wa "waja leo waondoka leo", ambao wengine huutamka kama swali na wengine kama kejeli, tunaurembesha kwa kila mgeni anayeshuka kwenye basi. Basi mtu akiuliza kwa nini tunaichukua sifa ya mahaba na kuukataa uvivu, ilhali vyote vimetoka kapu moja, hajakosea kuuliza.

Lakini utani una sharti lake: ukinipiga kijembe, nami niwe na nafasi ya kukurudishia. Aliyeshika kalamu na daftari la vibarua hataniani na anayeomba kuandikwa. Mpwa wangu angemrudishia nini?

Kwa hiyo tuangalie huo uvivu ulianzia wapi. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Miche 62 ikazaa mashamba yaliyofunika nchi kutoka pwani hadi Korogwe na kuendelea, na mashamba yakataka mikono. Wenyeji, yaani Wabondei, Wadigo, Wazigua, Wasegeju na Wasambaa, walikuwa na makonde yao, minazi yao na nyavu zao. Kulikuwa na faida gani kuacha muhogo wako uliwe na nguruwe ili ukakate majani yenye mwiba kwenye ncha, kwa ujira wa kubahatisha? Wengi waliona afadhali kuwauzia wa mashambani mahindi na samaki. Kwa jicho langu hiyo ni akili ya biashara. Mwenye shamba aliyekosa wakataji aliipa jina jingine.

Na jina hilo lilipewa meno. Mwaka 1907 huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, utawala wa Wajerumani ulianzisha kadi: kila mwanamume mzima alitakiwa atimize siku 30 za kazi kwa mwajiri wa Kizungu katika kila miezi minne. Nimeifikiria kadi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Mvivu wa kweli hata ukimpa kadi haendi. Kadi ilitungwa kwa ajili ya watu wenye kazi zao, ili waziache. Msambaa aliyekuwa akipanda ngazi za milima kabla ya jua kuchomoza kwenda kulima migomba yake hakuwa na mahali pa kuandikwa katika hesabu ile, maana jasho lake halikuingia daftarini mwa mtu. Hapo ndipo neno "mvivu" lilipopata maana ambayo mpaka leo halijaiacha: mtu asiyenifanyia kazi mimi.

Wenyeji walipokuwa hawatoshi, wakatafutwa wa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua. Wakaletwa Waha, Wangoni, Wabena, Wamakonde, wengine kutoka Rwanda, Burundi na Msumbiji. Kila mmoja namba yake, ndipo wakaitwa manamba. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao, Muha wa Kasulu, mkata mkonge upande wa Muheza. Aliniambia kwamba mwaka wa kwanza hakuogopa mwiba wala joto la korona, yaani mtambo wa kutoa nyuzi za mkonge, aliogopa mikoko, kwa kuwa hakuwahi kuona miti imesimama baharini.

Hapa lazima niseme lisilotupendeza. Mji haukuwapokea vizuri watu hao. Uungwana wa pwani ulikuwa na dharau ndani yake: mtu wa bara alikuwa mshenzi, na kuitwa manamba lilikuwa tusi la kumtupia mtoto aliyechafuka. Mswahili wa Ngamiani hakukataa mkonge kwa hesabu ya faida peke yake, alikataa pia kwa sababu ya watu aliodhani ni wa chini kuliko yeye. Kwa hiyo tukisema leo tumeonewa kwa kupakwa rangi moja wote, tukumbuke brashi hiyo na sisi tuliwahi kuishika.

Baadaye dunia ikageuka. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa mkonge unaokaribia tani 230,000, nyingi zikiwa za mkoa huu. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 na uendeshaji ukalegea. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha hata tani 30,000. Kiwanda cha mbolea kikafungwa. Wanaume waliokuwa wakisikia king'ora cha asubuhi wakabaki na asubuhi isiyo na king'ora. Mgeni aliyekuja wakati huo aliwaona barazani na vikombe vya kahawa, akaondoka na picha yake. Aliyeachishwa kazi na aliyeikimbia kazi hukaa benchi moja, na kwa mpita njia hawana tofauti.

Hata kile kivuli cha saa nne kina maelezo. Mvuvi unayemkuta amejilaza saa nne asubuhi aliingia majini usiku. Mlevi wa usingizi yupo, sikatai, na vijana wanaoshinda kwenye simu mpaka betri iishe nawajua kwa majina. Ila hao nimewaona Moshi na Mwanza pia, na kule hawaitwi tabia ya mkoa.

Sasa swali linalonisumbua zaidi. Sensa ya 2022 imehesabu watu 2,615,597 katika mkoa wa Tanga. Wangapi kati yao ni wajukuu wa manamba? Haijulikani, kwa sababu sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na mimi naona tuliacha kuuliza kwa busara. Lakini wapo kila kijiji cha mkonge kuanzia Ngomeni hadi Mombo. Wamezaliwa hapa, wanasema Kiswahili cha hapa, wanakula bada, ugali wetu wa muhogo, wakiulizwa kwao wanasema Tanga. Babu alipofika alisifiwa kwa kazi kiasi kwamba alifuatwa kwa lori mpaka Kasulu. Mjukuu wake, kwa damu ileile, anaambiwa ana uvivu wa asili. Kama tabia ingekuwa kwenye damu, isingebadilika kwa kuhama tu. Na kama iko kwenye hewa ya bahari, huyo msimamizi aliyehamia naye ajiangalie.

Nisingejisumbua kuyaandika haya kama mji ungekuwa umelala kama zamani. Lakini bandari imepanuliwa, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na watu wanamiminika kutoka kila kona kutafuta riziki. Waje, mji huu umekuwa wa waliokuja tangu mwanzo. Ila wakati wa kuandikana kazi ndio wakati ambapo kijembe cha barazani kinageuka kuwa kigezo, bila aliyekisema kujua kwamba amebagua.

Mpwa wangu alipata kazi mwezi uliofuata, jengo jingine, msimamizi mwingine, swali lilelile. Safari hii alisema ni Muha. "Aa, watu wa Kigoma ni wachapakazi," akaambiwa, na jina likaandikwa. Mpaka sasa kazini wanamwita Muha, na kila mwisho wa wiki wanamuuliza habari za ziwani. Huwa anawajibu kwamba dagaa wameadimika. Mbali kuliko kote alikowahi kufika ni Chalinze.