Mteja Anayeitikia Kila Kitu

Unasihi mwingi, yaani ushauri nasaha, huvunjika kwa adabu. Mteja anaingia, anasalimu vizuri, anaitikia kila neno, anashukuru, anaondoka, harudi. Kwenye faili panaandikwa kwamba "hakuwa na nia". Mimi naamini mara nyingi nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano, na kuyatafuta ilikuwa kazi ya mnasihi.

Mwaka 1979 Edward Bordin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliugawa uhusiano wa kitiba, yaani ule wa mnasihi na mteja, katika sehemu tatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi zitakazofanywa ili kulifikia, na kuaminiana. Wengi hushika hiyo ya tatu peke yake: sauti ya upole, kusikiliza, kutohukumu. Hayo ni ya lazima. Lakini mtu anaweza kukupenda kabisa na bado asielewe kwa nini umemwagiza aandike mawazo yake kwenye daftari.

Chukua mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, mashemeji wanamdai shamba, usingizi hauji. Mnasihi, binti wa miaka ishirini na saba, ameona huzuni na ameweka lengo la kuipunguza. Mama hakuja kwa ajili ya huzuni. Anataka alale, apate nguvu ya kukaa mbele ya ukoo na kusema neno lake. Kila mmoja amesema "sawa", na kila mmoja ana sawa yake. Kikao cha tatu daftari liko tupu.

Kosa lilifanyika kikao cha kwanza, pale binti alipouliza, "Ni sawa, mama?" Swali hilo kwa mtu aliyelelewa kwa heshima lina jibu moja tu. Afadhali arudie lengo kwa maneno ya mama mwenyewe kisha aulize, "Hapo nimekosea wapi?" Sasa kusahihisha kumekuwa ni kumsaidia, si kumvunjia heshima. Hayo yafanyike baada ya kueleza siri na mipaka yake: kwamba yanayosemwa hayatoki nje, isipokuwa maisha yakiwa hatarini au mtoto akiwa anaumizwa. Na kama mnaishi mtaa mmoja, kubalianeni mapema mtafanyaje mkikutana sokoni. Ushauri usubiri. Anayeshauriwa dakika ya kumi huona hakusikilizwa, hata kama ushauri ni mzuri.

Jeremy Safran na Christopher Muran, waliochunguza kwa miaka mingi jinsi uhusiano huu unavyoingia nyufa, walitaja aina mbili. Ya kwanza ni mteja kujitoa kimyakimya: majibu mafupi, habari za watu wengine, kucheka anapofika penye maumivu, kuchelewa. Ya pili ni kukabiliana waziwazi: "Wewe mtoto, hujaolewa, utaniambia nini?" Hii ya pili huuma, lakini ndiyo rahisi, kwa sababu imesemwa. Usijitetee kwa cheti. Jibu: "Ni kweli mama, sijayapitia. Unahofia nitashindwa kuelewa nini?" Kwa ile ya kwanza, anza kwa kubeba sehemu yako: "Zoezi la wiki iliyopita, naona nililileta haraka. Lilikukaaje?" Kisha nyamaza. Usikimbilie kumjibia.

Kuna kipimo cha Scott Miller na wenzake ambacho mteja hujaza mwisho wa kikao kuonyesha alivyokiona: mistari minne ya sentimita 10 ya kutia alama, jumla 40, na alama ikiwa 36 au chini yake mnajadiliana. Ni kizuri, ila kwetu wateja wengi watakupa 40 kwa heshima. Usifurahie 40 hiyo. Tenga dakika tano za mwisho uulize, "Jambo gani leo hatukuligusa na ulitaka tuliguse?" Akijibu "hakuna" kila wiki, hilo nalo ni jibu la kufuatilia.

Uzito wa uhusiano huu umepimwa. Mwaka 2018 Christoph Flückiger na wenzake walikusanya tafiti 295 zenye wateja zaidi ya 30,000, wakakuta uwiano (kiasi mambo mawili yanavyokwenda pamoja, ambapo 0 ni hakuna na 1 ni kabisa) wa takriban 0.28 kati ya uhusiano na matokeo ya tiba, sawa na karibu asilimia 8 ya tofauti za matokeo. Mtu anaweza kuiona ndogo. Katika tiba ya mazungumzo, ambako mbinu moja mara nyingi haiizidi nyingine kwa mbali, si ndogo hata kidogo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema uhusiano ukiwa mzuri umetosha. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika karibu hivyo mwaka 1957, nami nadhani alivuka mpaka. Mtu mwenye kunawa mikono saa nzima kwa hofu ya uchafu hatapona kwa kukaliwa karibu na mtu mpole; anahitaji kuigusa ile hofu hatua kwa hatua. Ila hataigusa mbele ya mtu asiyemwamini, wala kwa sababu asiyoielewa.

Ikiwa mmezungumza waziwazi vikao viwili vitatu na bado hamkubaliani, mpe rufaa kwa mnasihi mwingine. Usimpe karatasi tu. Mpigie mwenzako mteja akiwepo, wekeni siku na saa, na umwombe mteja ruhusa ya kueleza yaliyokwisha kusemwa ili asilazimike kuyaanza upya.