Gitaa Linalokula

Besi yangu ya kwanza ilikuwa nzito kama mbuzi wa Krismasi, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo sikuiheshimu mpaka nilipoiuza: haikuwa inakula. Nyuzi nne, sumaku chini yake, na waya mwembamba kama unywele uliozungushwa sumaku hizo mara maelfu. Basi. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa hapo hapo na kusafiri hadi kwenye amplifaya. Leo Fender aliitoa ya namna hiyo kule Marekani mwaka 1951, na mpaka leo mtu anaweza kuisahau chini ya kitanda miaka kumi, akaitoa, akaipangusa vumbi, ikalia.

Mimi nikaiuzia kanisa moja la mtaa wa Manyatta, Kisumu. Nikaongeza akiba ya miezi saba, nikachukua besi mpya: nyuzi tano, rangi ya damu ya mzee, nyepesi begani, na vifundo vitano vya kuzungusha vinavyong'aa kama vifungo vya koti la askari wa gwaride. Aliyeniuzia alisema hii ni aktivu. Ndani yake kuna mtambo mdogo wa kuipa sauti nguvu kabla haijatoka, na mtambo huo unaishi kwa betri ya volti 9, ile ya pembe nne yenye chuchu mbili kichwani, tuliyokuwa tukiilamba utotoni ili ulimi utetemeke.

Mke wangu aliizunguka mara mbili pale sebuleni.

"Baba Junior, umetoa kitu kisichokula ukaleta kinachokula?"

"Kinakula kidogo tu."

"Hata wewe ulisema hivyo ukija kuoa."

Mama Junior ana sababu zake. Ndiye aliyenifumania siku moja nikichemsha nyuzi za besi kwenye sufuria yake ya maziwa. Nyuzi mpya bei yake inamaliza malipo ya shughuli nzima, na zile kuukuu huwa hazijafa, zimejaa tu jasho na mafuta ya vidole kwenye mikunjo yake. Ukizichemsha dakika kumi zinarudi kulia kama kengele kwa siku chache. Nilimweleza hayo yote. Alinipa sufuria ile iwe yangu moja kwa moja, nami nikanunua nyingine mbili za kumpoza.

Kwenye bendi, aliyebaki kuikagua besi alikuwa Mwalimu. Hajawahi kushika chaki, lakini amepiga solo tangu kabla sijazaliwa, na kwake benga, muziki wetu wa magitaa, si mchezo. Katika benga besi haikai nyuma kusubiri kutumwa. Inatembea, inaruka, na waimbaji wakinyamaza solo ikachukua mbio zake, besi ndiyo inayoikimbiza. Mwalimu akahesabu nyuzi zangu kwa kidole.

"Huu wa tano ni wa nini?"

"Wa kushuka chini zaidi, Mwalimu."

"Chini wapi? Unatafuta maji?"

Wenzangu walicheka wiki mbili. Na mzee alikuwa na lake, kwa sababu uzi ule ukiupiga wazi unatikisika mara 31 hivi tu kwa sekunde, na spika tunazokodishiwa harusini zikifika huko hupumua tu. Wanaousikia ni ng'ombe.

Sasa Ijumaa ile tulifanya mazoezi Kondele, kwenye chumba kilicho nyuma ya kinu cha unga. Tulipomaliza, nikaona nijirahisishie kazi ya kesho: waya wa besi nikauacha umechomekwa, nikailaza kwenye begi lake hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwenye besi hizi swichi ni tundu lenyewe. Ukichomeka waya, umewasha. Kwa hiyo nililala, mke akalala, Junior akalala, na ndani ya begi betri, ambayo tayari ilikuwa imechoka, ikakesha peke yake kama taa ya choo.

Jumamosi tukapakiwa kwenye Probox kwenda harusi Yala. Kisian tukapita, Maseno tukavuka ikweta, Luanda tukanunua ndizi, muda wote huo ngoma kubwa ikiwa mapajani mwangu na kiwiko cha mpiga ngoma, Kipara, kikiwa mbavuni. Hayo niyaache. Tulifika boma limejaa hema, kuku wanakimbizwa nyuma ya jikoni, na fundi wa vyombo, tunayemwita Saundi, ameshatandika meza yake. Saundi ni mtu wa utaratibu. Maiki zake mbili zisizo na waya huzilaza juu ya taulo jeupe kama watoto mapacha, na kila betri yake ameipaka tone la rangi nyekundu ya kucha ili isipotee. Kumbuka hiyo rangi.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, ila niliona sauti ina ukwaruzo kidogo. Nikasingizia spika. Wimbo wa pili ndio wa kumwingiza bibi harusi. Wasimamizi walianza kuteremka kwa ile hatua yao ya mbili mbele moja nyuma, akina mama wakipiga vigelegele, na hapo besi yangu ikaanza kukoroma. Noti ya kwanza ilikoroma kama mzee aliyelalia mkono. Ya pili ikatoa sauti ambayo hutoka mtu akila maharage jana, tena katikati kabisa ya ukimya mdogo aliouweka Mwalimu kwa ustadi wake. Msimamizi mmoja wa gauni la zambarau akamgeukia mwenzake kwa jicho baya. Ya tatu haikutoka.

Nikaendelea kupiga hivyo hivyo, vidole vinatembea, uso umekunjwa kwa hisia, sauti sifuri. Mpiga besi anaweza kufanya hivyo muda mrefu ajabu bila mtu kumgundua, na hilo ni jambo la kuhuzunisha kidogo. Lakini Mwalimu aligundua. Aliniangalia mara moja tu.

Bibi harusi alipokalishwa, nikaruka kwenye bodaboda hadi dukani.

"Mawe ya volti tisa?" mwenye duka akauliza, akaniwekea mbele mawe ya tochi. "Hapa ni haya tu. Ama nikupatie mshumaa?"

Niliporudi, Saundi alikuwa amekwenda kula. Maiki zake mapacha zimelala kwenye taulo. Nikajiambia: Pasta kanisani amemaliza kazi yake, sasa hivi anashughulika na paja la kuku, emsii ana maiki ya waya, kuna ubaya gani? Nikaifungua ile moja mkiani, nikatoa betri, nikaifunga, nikailaza vile ilivyokuwa. Nyuma ya besi, kwa haraka, kifuniko cha betri hakikubana vizuri. Nikakiacha.

Wacha nikwambie, nilipiga. Nilipiga mpaka wazee waliokuwa wamekaa na fimbo zao wakasimama. Solo ilipochukua mbio niliikimbiza hadi mtoni, na Mwalimu akatabasamu, kitu ambacho Kipara anasema mara ya mwisho kilitokea timu ya Kenya ilipofunga bao.

Ndipo emsii akasema, "Na sasa tumkaribishe Pasta aombee keki."

Pasta akapangusa midomo, akachukua maiki kutoka kwenye taulo. Unajua ni ipi. Akafungua mikono, akafungua kinywa. Kimya. Akaipiga maiki kofi. Akaipuliza: fuu, fuu. Saundi akatoka mbio na sahani mkononi, akachezea vifundo vyote, akachomoa, akachomeka, akaenda hadi kwenye jenereta kuikagua, maskini, jasho linamtiririka.

"Wapendwa," Pasta akapaza sauti yake ya asili, "kuna nguvu ambayo haitaki keki hii ikatwe!"

"Ishindwe!" akina mama wakaitika.

"Nasema kuna roho imeingia kwenye mitambo!"

"Toka!"

Na mimi nimesimama pale, roho yenyewe iko begani kwangu. Nikajua dawa ni kukiri. Nikafungua kinywa, lakini Saundi akawa ameshampa Pasta maiki ya waya ya mwimbaji wetu, na waya huo ni mfupi, kwa hiyo Pasta akalazimika kuja kuhubiri kwenye jukwaa letu, hatua moja kutoka kwangu. Akaombea keki. Akaombea ndoa. Kisha akaamua kuitakasa mitambo, kimoja kimoja. Akashika spika, akashika ngoma, akaja kwangu, akaipiga besi kofi la upako mgongoni.

Kifuniko kikafunguka. Betri ikaanguka, ikadunda mara mbili, ikalala kando ya kiatu chake cheusi, tone la rangi nyekundu likitazama juu.

Pasta akaiokota, akaisogeza mbali na macho kama mtu aliyesahau miwani, akaisoma kwenye maiki, boma zima likisikia:

"Volti tisa."

Saundi hakusema kitu. Alipanda jukwaani, akaichukua betri yake mkononi mwa Pasta kwa adabu, akaipangusa na shati, akashuka. Nilipendelea angenitukana. Kicheko kilianzia kwa yule msimamizi wa zambarau, kikaenda hema hadi hema, na Pasta mwenyewe akalazimika kukaa.

Sherehe ilikuwa bado ina saa nzima, na mimi sina umeme. Hapo ndipo akaja mvulana wa miaka kama tisa, kaptura ya shule, magoti yenye vumbi.

"Anko, redio ya dani inatumia mawe sita."

Dani, yaani nyanya yake. Nikamtazama. Mawe sita, kila moja volti 1.5. Ukiyapanga kichwa kwa matako, jumla yake ni 9. Sikuwa nimelifikiria hilo nikiwa dukani, mtu mzima na mawe yako mbele yangu! Mvulana akayaleta, mengine bado yana joto la mabati alikokuwa ameyaanika, akayaviringa kwenye jalada la daftari, akayakaza kwa mipira ya blada ya baiskeli. Nyaya nilizimenya kwa meno. Bunda zima lilikuwa refu kama mguu wa kiti, nikalining'iniza kwenye mshipi chini ya koti, na besi ikaamka. Nilionekana kama mtu aliyeficha bomba la maji, lakini nililia. Besi ililia, nataka kusema.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa kuwatoa maharusi wakati bibi kizee mmoja alipokata katikati ya wachezaji, kanga kiunoni, redio kubwa imefungwa kwapani.

"Kijana, taarifa ya habari ni saa moja."

"Dani, dakika tano tu."

"Wataanza bila mimi?"

Akainua koti langu mbele ya watu wote, akalichomoa bunda lake, akaondoka. Besi ikafa kwa mara ya tatu siku hiyo. Nikarudi kwenye ile kazi yangu ya zamani, vidole vinatembea, uso umekunjwa. Mvulana alikuwa bado amesimama kando yangu akivichunguza vile vifundo vinavyong'aa, kimoja baada ya kingine.

"Anko, mbona hiki kinavutika?"

"Usishike."

Akakivuta. Kikasema tak, kikatokeza nje kidogo, na besi ikalia. Bila betri. Bila mawe. Ililia kavu, nzito, vile vile kama ile niliyoiuzia kanisa, nami kwa mshtuko nikaukanyaga ule uzi wa tano.

Mwalimu hakugeuka. Aliendelea na solo yake, akasema kwa bega tu:

"Umepata maji?"